Bahasha ya Matanga si Fidia



Mtu anapouawa na lori katika barabara kuu ipitayo mji wetu wa Nakuru, mambo hufuatana kwa utaratibu ambao sote tumeuzoea kupita kiasi. Maiti hupelekwa mochari. Dereva hutiwa korokoroni, au hutoroka. Lori huburutwa hadi kituo cha polisi, na baada ya siku chache mwenyewe huja kulichukua, kwa maana mzigo unangojewa Kampala au Kigali. Kisha, siku ya matanga, hufika mtu nadhifu mwenye maneno matamu. Hutoa pole kwa niaba ya tajiri, huacha gunia la mchele, pesa za jeneza na bahasha, na kabla ya kuondoka humwomba mzee wa ukoo atie sahihi katika karatasi, eti kuonyesha tu kwamba walifika.

Tahariri hii inahusu sahihi hiyo. Twasema wazi: bahasha ya matanga si fidia. Yaweza kuwa ubani wa mtu mwenye huruma, na huruma hatuikatai. Lakini mara nyingi ni bei ya chini kabisa ya kununulia kimya cha maskini. Kifo kilichosababishwa na uzembe barabarani ni deni. Deni hilo lina mdai, lina mdaiwa, lina mahakama ya kulipima na lina muda wa kulidai. Familia isiyoyajua haya hunyang'anywa mara mbili: kwanza mtu wake, kisha haki yake.

Sisi wa Bondeni hatuzungumzi habari za mbali. Barabara itokayo bandari ya Mombasa hupanda hadi Nairobi, hushuka Naivasha, hupita Gilgil, hukata katikati ya Nakuru, kisha huinuka kupitia Salgaa na Sachangwan kuelekea Mau Summit, ambako huachana, moja kwenda Eldoret na Malaba, nyingine Kericho na Kisumu. Shehena ya nchi nne au tano hupita mlangoni petu usiku na mchana. Miongoni mwetu wamo madereva, mataniboi, mafundi wa breki na akina mama wauzao chakula kandokando ya lami. Barabara hiyo hutulisha, na barabara hiyo hutumaliza.

Kumbukeni. Tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilipinduka Sachangwan. Watu wakakimbilia kuchota petroli, moto ukazuka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Tarehe 10 Desemba 2016, karibu na Naivasha, lori lililobeba kemikali zinazoshika moto liliyagonga magari mengine na kulipuka, wakateketea watu wapatao 40. Tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana Migaa, wakafa watu 36. Tarehe 30 Juni 2023, lori liliacha njia katika makutano ya Londiani, likawafyeka wachuuzi na abiria waliokuwa wakingoja magari. Zaidi ya watu 50 wakaangamia.

Baada ya misiba hiyo mikubwa, viongozi walikuja na kamera. Amri zilitolewa, na baada ya Migaa vilijengwa vizuizi vya kutenganisha magari yapandayo na yashukayo. Hayo ni mema. Lakini wengi wanaouawa na malori hawafi pamoja na wengine 50. Hufa mmoja mmoja: mwendesha bodaboda alfajiri, mtoto akivuka kwenda shule, mama na kikapu chake cha mboga. Kwao hakuna kamera wala amri. Kwao kuna ile bahasha tu.

DEREVA PEKE YAKE KIZIMBANI

Kanisa la nchi hii lina sababu yake lenyewe ya kulitafakari jambo hili. Mwezi Agosti 1990, wakati wa chama kimoja, Askofu Alexander Muge wa Dayosisi ya Eldoret ya Kanisa la Anglikana, ambalo siku hizo liliitwa CPK, alikuwa miongoni mwa wachache waliothubutu kukemea unyakuzi wa ardhi, ufisadi na kura ya mlolongo. Waziri wa Kazi, Peter Okondo, alimwonya hadharani kwamba akikanyaga Busia huenda asitoke huko akiwa hai. Askofu alikwenda Busia tarehe 14 Agosti, akakutana na waumini, akaanza safari ya kurudi. Huko Kipkaren gari lake liligongana na lori, akafa papo hapo. Waziri alijiuzulu baada ya siku chache. Dereva wa lori alihukumiwa kifungo cha miaka 7, na alifia gerezani kabla hajakimaliza.

Mengi yamesemwa kuhusu kifo hicho, na Wakenya wengi hawakuridhika kamwe na jinsi kilivyoelezwa. Hapa twataka kuonyesha jambo moja tu lililokuwa wazi kwa kila mtu: aliyesimama kizimbani alikuwa dereva peke yake. Ndivyo inavyokuwa hadi leo katika vifo ambavyo hakuna anayevitilia shaka ya siasa. Dereva ndiye aliyeshika usukani, basi dhambi yote hutwikwa yeye, na juu yake hakuna anayeulizwa kitu.

Nani alimpa ratiba isiyo na nafasi ya kulala? Nani humlipa kwa safari badala ya siku, hata ikawa usingizi ni hasara? Nani aliambiwa na fundi kwamba breki zimekwisha, akajibu kwamba zitatengenezwa gari likirudi? Tunajua kwamba katika mteremko wa Salgaa wapo madereva walioachilia gia ili lori lijiendee lenyewe na dizeli ibaki. Hilo ni kosa lao, na limeua watu. Lakini mwenye gari anayemlipa dereva ujira usiotosha ugali wa watoto wake hawezi kunawa mikono kwa sababu tu siku hiyo alikuwa amelala kwake Nairobi.

Hekima hii si ngeni. Torati, katika kitabu cha Kutoka sura ya 21, inazungumza juu ya ng'ombe mwenye tabia ya kupiga watu kwa pembe. Ikiwa mwenyewe alikwisha kuonywa asimfunge, na ng'ombe akaua, hatia humfuata mwenyewe. Ndugu zetu Waislamu wa Bondeni wanafundishwa katika Surat An-Nisaa kwamba hata aliyeua kwa makosa, pasipo kukusudia, anawiwa diya na jamaa wa marehemu. Na mababu zetu wa Bonde la Ufa na wa Mlima walikuwa na fidia ya damu, iliyopimwa na wazee mbele ya watu. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyesema kwamba kifo kimalizwe kwa gunia la mchele.

SHERIA INASEMA NINI

Sheria ya Kenya nayo haisemi hivyo. Dereva akiua kwa uzembe akiwa kazini, mwajiri wake hujibu pamoja naye. Sheria ya Trafiki inamchukulia yule ambaye gari limeandikishwa kwa jina lake kuwa ndiye mwenyewe, mpaka athibitishe vinginevyo. Sheria ya Ajali za Vifo, Sura ya 32, inawapa haki ya fidia mke, mume, wazazi na watoto wa marehemu. Sheria nyingine, Sura ya 26, inaiwezesha mirathi ya marehemu kudai kwa ajili ya maumivu yake kabla ya kufa na kwa maisha yaliyokatizwa. Gharama za mazishi nazo hudaiwa.

Tazameni vyema orodha hiyo: mke, mume, wazazi, watoto. Ami hayumo. Binamu hayumo. Mwenyekiti wa kamati ya mazishi hayumo. Lakini ni nani hutia sahihi siku ya matanga? Ni ami, mbele ya mjane ambaye hakuulizwa neno. Na karatasi ile yaweza kutolewa baadaye mahakamani kuonyesha kwamba familia ilikwisha kulipwa na kuridhika. Kwa hiyo twasema: mpokeeni mgeni wa matanga kwa adabu, pokeeni pole yake ikiwa mnaona vyema, lakini msitie sahihi karatasi yoyote kabla mtu mjuzi wa sheria hajaisoma.

Watu wengi hudhani kwamba kesi ya trafiki ndiyo kesi ya familia. Sivyo. Kesi ya trafiki ni ya Serikali dhidi ya dereva, na faini akitozwa, huenda kwa Serikali. Mjane hapati hata senti. Kesi ya fidia ni nyingine kabisa. Haingojei ile ya kwanza imalizike. Dereva akipatikana na hatia, ushahidi huo huisaidia sana familia. Akiachiliwa, bado mlango wa fidia haujafungwa, kwa maana kipimo cha ushahidi katika madai si kizito kama kile cha jinai. Na hata kama marehemu naye alikosea, kama vile kuvuka bila kutazama, fidia hupunguzwa kwa kadiri ya kosa lake. Haifutwi kwa sababu hiyo tu.

Je, maisha ya maskini hupimwaje? Mahakama huchukua kipato cha marehemu kwa mwezi, hukizidisha kwa miezi 12, kisha kwa miaka ambayo yaelekea angeendelea kuchuma, halafu huchukua sehemu aliyowatumia wategemezi wake, ambayo kwa mtu mwenye mke na watoto mara nyingi huwa theluthi mbili. Tuseme fundi wa miaka 35 alikuwa akipata shilingi 15,000 kwa mwezi, na hakimu akakadiria miaka 20. Hesabu hiyo yaleta shilingi 2,400,000, kabla ya kuongeza madai ya mirathi na gharama za mazishi. Sasa linganisheni na bahasha yenye shilingi 30,000. Huo ni mshahara wake wa miezi miwili. Tajiri amelipa miezi miwili, na miaka iliyosalia ameitia mfukoni.

Wengine watasema: marehemu wetu alikuwa muuza mboga, hana hati ya mshahara, hana daftari. Mahakama ya Rufani ilikwisha kulijibu neno hilo mwaka 2005. Ilikataa wazo kwamba kipato huthibitishwa kwa makaratasi pekee, kwa sababu kufanya hivyo kungewadhulumu Wakenya wengi wasioandika hesabu na ambao hata hivyo wanajitafutia riziki. Mashahidi wa sokoni, aliyemuuzia mboga kwa jumla, kitabu cha chama cha akina mama, ujumbe wa M-Pesa, yote haya husema. Kwa mtoto mdogo ambaye hajaanza kuchuma, Mahakama iyo hiyo ilisema katika kesi ya Kenya Breweries ya mwaka 1991 kwamba wazazi hustahili fidia, kwa maana katika jamii zetu mtoto hutarajiwa kuwatunza wazazi wake.

MITEGO ILIYOPO NJIANI

Haki hiyo ipo, lakini ina mitego. Mtego wa kwanza ni wakati. Kesi ya kifo hufunguliwa ndani ya miaka 3 tangu siku ya kifo. Ikiwa Serikali yenyewe inadaiwa, kwa mfano lori lilikuwa lake, muda ni miezi 12 tu. Miaka 3 huonekana mingi wakati wa msiba. Lakini mjane ana watoto, ana kodi ya nyumba, ana maneno ya wakwe. Akija kuzinduka, mlango umefungwa.

Mtego wa pili ni karatasi. Anayefungua kesi sharti awe na mamlaka ya mirathi, walau hati ya muda iliyotolewa na mahakama kwa ajili ya kesi hiyo. Kwa hati hiyo huhitajika cheti cha kifo, na kwa kawaida barua ya chifu inayowataja warithi. Huhitajika pia abstrakti ya polisi, ambayo huonyesha siku, mahali, namba ya gari, jina la mwenyewe na kampuni ya bima. Na hapo kituoni ndipo "chai" huombwa. Abstrakti ni haki ya familia, wala si bidhaa.

Mtego wa tatu ni mwenye gari asiyeonekana. Lori huwa na namba yake, na trela lake huwa na namba nyingine, ianzayo kwa herufi Z. Mara nyingine kichwa ni cha mtu mmoja na trela ni la mwingine. Andikeni zote mbili, pigeni picha, kisha wakili aombe taarifa za umiliki kutoka NTSA. Lori likiwa la Uganda au Rwanda, msikate tamaa: ulizeni kuhusu Kadi ya Manjano ya COMESA, ambayo ni bima ya magari yavukayo mipaka.

Mtego wa nne ni bima yenyewe. Sheria, Sura ya 405, inamlazimu kila mwenye gari kuwa na bima kwa ajili ya watu wengine barabarani, na kampuni hulazimika kulipa hukumu, mradi ipewe taarifa ya kesi kwa wakati. Lakini wajibu wake una kikomo cha shilingi milioni 3 kwa mdai mmoja. Kinachozidi hudaiwa mwenye gari. Tena kampuni za bima nazo hufa. Kenya National Assurance ilianguka mwaka 1996. United ikawekwa chini ya msimamizi mwaka 2005, na Blue Shield mwaka 2011. Wajane wenye hukumu mkononi walibaki wakizitazama kama picha ukutani. Ndiyo maana twasisitiza kwamba mwenye gari ashtakiwe kwa jina lake, asifichwe nyuma ya bima.

Mtego wa tano ni madalali wanaozurura hospitalini na mocharini wakitafutia mawakili wateja. Wakili wa haki hamtumi mtu kuvizia maiti. Ulizeni jina la wakili, hakikisheni kwamba ana leseni ya mwaka huo, wekeni mapatano kwa maandishi, na dai likilipwa, dai hesabu yote hadi shilingi ya mwisho. Akiwazungusha, ipo Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili.

Wala tusiwasahau madereva na mataniboi wanaofia ndani ya malori hayo. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inawapa wategemezi wa mfanyakazi aliyekufa kazini fidia ya mapato ya miezi 96, bila kulazimika kuthibitisha uzembe wa mwajiri. Ni wangapi katika mitaa yetu wamelipwa miezi 96? Wengi walirudishiwa begi la nguo na mshahara wa wiki iliyobaki.

TUFANYE NINI

Tulipodai vyama vingi, hata kifungu cha 2A kikafutwa Desemba 1991, hatukuwa tukidai nafasi ya kupiga kura pekee. Tulidai kwamba mwenye nguvu awajibike kwa asiye na nguvu, mahali popote. Katiba ya mwaka 2010 imeandika haki ya uhai katika kifungu cha 26, na haki ya kuifikia mahakama katika kifungu cha 48. Maandishi hayo hayatajisimamia yenyewe. Kwa hiyo twatoa mwito ufuatao.

Kwanza, kila parokia, kila msikiti na kila kikundi chetu kichague watu wawili au watatu wa kuwasimamia waliofiwa na ajali. Kazi yao si kuhubiri. Ni kwenda kituoni siku ile ile, kuandika namba ya OB, namba za gari na majina ya mashahidi, kabla lori halijaondolewa na mashahidi hawajatawanyika.

Pili, kamati za mazishi ziache kupokea karatasi za kutiwa sahihi. Daftari la matanga liandikwe waziwazi: fulani ametoa kiasi fulani kama rambirambi, si kama malipo ya dai.

Tatu, mjane asikizwe. Wazee wa ukoo, twawaheshimu, lakini fidia hii ni ya chakula na karo ya watoto wa marehemu. Si mali ya kugawana chini ya mti.

Nne, mawakili waumini watoe siku moja kwa mwezi kuwashauri watu bure, na Huduma ya Taifa ya Msaada wa Sheria, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016, ifike mitaani badala ya kungojewa ofisini.

Tano, Serikali ihakikishe kwamba lori lililoua halirudi barabarani kabla ya kukaguliwa breki zake na saa za kazi za dereva wake, na ripoti hiyo familia ipewe bila kuombwa chochote.

Haya hayahitaji mapinduzi. Yahitaji watu wachache wenye kalamu, subira na ujasiri wa kumwambia mwenye mali kwamba pole yake imepokewa na hesabu bado. Ikiwa katika mtaa wako yuko aliyefiwa hivi katika miaka 3 iliyopita, mtembelee juma hili, mwulize tarehe ya kifo, kisha hesabuni pamoja miezi iliyosalia. Haki ya mnyonge hucheleweshwa, hufichwa na huuzwa kwa bei ya jeneza. Lakini maadamu muda haujapita, bado ni yake, na ni wajibu wetu kusimama naye hadi aipate.